Kutu ya Kijani Chini ya Betri

Vancouver, Kanada
9 Februari

Mpendwa Kaka Rodel,

Hamjambo huko nyumbani Iloilo? Magoti ya Mama yanaendeleaje? Na Shangazi Nenita, kile kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima, ila mvua ya huku karibu itaniotesha uyoga.

Nina habari za ile baiskeli yangu ya umeme, inayonifikisha kwa wagonjwa ninaowauguza majumbani. Wiki iliyopita ilizima katikati ya kilima cha kwenda kwa Mzee Halvorsen, ninayemfunga kidonda cha mguu. Niliisukuma mpaka juu, nikafika nimelowa chapachapa.

Tangu amzike mkewe, mzee huyo hasemi zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Siku hiyo akaniona nimechomoa betri, naichungulia chini.

"Kuna nini, binti?"

"Hebu ona. Vipande viwili vya shaba vya kupitishia umeme, vyote vimelowa. Mbona kimoja kimeota kijani na mwenzake anang'aa?"

Akakuna kidevu. Mara akataka glasi ya maji, chumvi, nyaya mbili za shaba na betri za tochi. Tukaunga nyaya kwenye betri, kila mmoja kwenye ncha yake, tukazitumbukiza majini, tukakodoa macho kama watoto. Mmoja ukatoa mapovu tu. Ule wa upande wa chanya ukachakaa, na maji kando yake yakaingia ukijani.

"Unaliwa!" mzee akapiga meza. "Umeme ukikutana na maji ya chumvi, unautafuna upande mmoja!"

Na chumvi si ndiyo hiyo wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu?

Basi nikasugua ile kutu kwa mswaki mkuukuu na spiriti, nikaacha pakauke, nikapaka grisi kidogo ya vifaa vya umeme. Mzee akaleta tyubu ya baiskeli ya marehemu mkewe, tuikate tuzibe pale maji yanapopenya. Nikasita.

"Kata tu. Hakupenda vitu vikae bure."

Jana mvua ilimwagika kweli kweli, nami nikapanda kilima bila kuzimikiwa. Getini nikamkuta Mzee Halvorsen, mtu ambaye hajatoka nje tangu mazishi, kasimama na mwavuli, ndala miguuni.

"Imekuleta, au umeisukuma?"

"Imenileta!"

"Fungua tuone."

Sikumwambia arudi ndani. Tulifungua pale pale chini ya mwavuli, vichwa vikigongana. Pakavu.

Na pikipiki yako, Kaka, hapo karibu na bahari, kutu huanzia upande gani? Chungulia uniambie.

Nisalimie Mama, Shangazi Nenita na mwanao Kiko mtundu. Mungu awafunike nyote.

Dada yako akupendaye, hata akiwa amelowa,
Dalisay