Mkono Wangu Mfupi

Jumamosi, hapa Ndama. Asubuhi mvua imenyesha, sasa jua linawaka na uwanja unatoa mvuke. Mbavu zinaniuma kwa kucheka. Mimi, ambaye tangu mavuno ya kahawa sikutaka hata kulisikia jina la Kaijage.

Huyu Kaijage ni kijana wa kijiji cha Kanoni anayechekesha watu kwenye harusi. Msimu huu kila anakoalikwa wanamtaka mchezo mmoja tu, ule wa mwenye duka wa pwani. Na mwenye duka wa pwani hapa ni mimi peke yangu. Basi nimekwepa harusi zote. Ya kwanza nilisingizia mgongo, ya pili homa, ya tatu nikasema nina wageni, na wageni wenyewe walikuwa kuku.

Iliniuma, sitaficha. Nimeoa hapa, nimezika mtoto hapa, hawa waliobaki hata ndoto wanaota kwa Kinyambo, lugha ya hapa. Kumbe kwa watu hawa mimi ni kichekesho tu. Nikaamua kuhamia Bukoba. Mizigo imefungwa, wapagazi wanakuja Jumatatu.

Mke wangu Zainabu, mzaliwa wa hapahapa, hakunizuia. Alisema tu, "Nenda ukauone huo mchezo kwanza. Ukirudi na hasira, mzigo wa mwisho nitaufunga mimi."

Leo jirani yetu anamwoza binti yake. Nikaenda, nikajibanza kwenye migomba, mbali na mitungi ya rubisi, ile pombe ya ndizi, kofia nimeivuta hadi kwenye nyusi.

Kaijage akatoka na kanzu ya gome la mti, tumbo amelijaza majani makavu. Nguo anayouza ni jani refu la mgomba. Akaanza kulipima kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, kama tunavyopima sote, ila mkono wake kaukunja ukawa mfupi kama wa mtoto. Mwenzake aliyejifanya mnunuzi akakataa, akaenda kumleta shemeji yake aje kupima yeye. Shemeji kafunga fimbo mkononi, kiwiko kiko hapa, kidole kiko kwa jirani. Mwenye duka akashika kifua, akaapa kuwa amefilisika, akaita na mama yake aliye pwani.

Nikauma mdomo. Ndivyo nilivyo, Mungu wangu, mpaka kuita mama.

Kisha mtoto wa mnunuzi akalia. Kaijage akatazama kushoto, akatazama kulia kuhakikisha mke wake hamwoni, akachana kipande cha jani, akamfunika nacho mtoto upesi upesi. Halafu akafoka, "Tokeni, mmenimaliza!"

Jambo hilo hulifanya kwa siri, na nilidhani hakuna aliyewahi kuliona.

Akamalizia kwa kucheka kicheko changu, kile kinachoanza kama kwikwi na kuishia puani. Nami kikanitoka. Vicheko viwili, kimoja uwanjani, kimoja migombani. Watu wote wakageuka.

Kaijage akapiga magoti. "Shikamoo, baba." Alidhani nimekasirika, maskini, na mimi nilishindwa kuitikia kwa sababu ya kucheka.

Bibi yake bibi harusi akanishika mkono, akanivuta nikakae kwenye majani pamoja na wazee. Akaniambia, "Tulisikia unatuhama. Tukasema, ataondoka hata hajajiona? Mgeni tungemwigaje, baba? Nani anajua anavyocheka?"

Nilijifanya moshi umeniingia machoni. Moto wenyewe ulikuwa upande wa pili wa ua.

Nimerudi nyumbani mwepesi, kama niliyetuliwa gunia kichwani. Zainabu aliniangalia macho, akaleta kisu, tukakata kamba za mizigo pamoja. Wapagazi wakija nitawapa kahawa ya kutafuna na pole ya safari.

Limebaki moja linalonisumbua. Hivi kweli mkono wangu ni mfupi kiasi kile? Sasa hivi nimeulinganisha na wa Zainabu, kiwiko kwa kiwiko. Wake umenipita kidole kizima.

Kuanzia kesho, nguo atapima yeye.