Damu Yake Haina Neno

Manika, Kolwezi
Tarehe 8 Septemba

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu na za wote tulio hapa. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, mguu umepunguza kuvimba, na shamba la nyuma ya stesheni limekwisha kulimwa kungoja mvua. Macho je? Odile ameniambia ukungu umezidi, na kwamba siku hizi unamjua mtu kwa sauti kabla hujamjua kwa sura. Mungu akutunze mpaka tupate njia ya kukuleta mjini uonwe na daktari wa macho. Sisi hatujambo, isipokuwa mimi nina jambo.

Odile mdogo wetu alifika salama. Anamsaidia dada yake Ndaya kazi za nyumbani, na tayari anabishana na watu wa taxi-moto, hizi pikipiki za abiria, kama mtu aliyezaliwa hapa. Ukimrudisha Kasaji atakusumbua, nakuambia mapema.

Aliyekuletea barua hii unamjua. Najua pia kwamba ulipoisikia sauti ya Rachid uani ulitaka kuingia ndani ufunge mlango. Mama, nakupigia magoti: mpe kiti, mpe maji. Ametoka mbali kwa lori lake, amekuletea chumvi, sabuni na mafuta, na safari hii nimemwomba mimi. Kwa kuwa Odile anayekusomeaga barua tunaye huku, mkwe wako ndiye atakusomea. Nimemwambia asome yote kwa sauti, asiruke kitu, hata pale anapotajwa yeye mwenyewe.

Wewe hupenda kuniita dokta mbele ya wamama wa kanisa, nami sijawahi kukusahihisha. Mama, mimi si dokta. Mimi ni mtu wa laboratwari. Natoa damu, naipaka kwenye kioo kidogo, naitia rangi, naitazama kwa mikroskopu, kisha naandika nilichoona. Kazi yangu yote ni hiyo, kuandika nilichoona.

Mwezi wa tano Ndaya alikuja kliniki kwetu na homa, amechoka, midomo imepauka. Siku hiyo watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Nilitazama damu yake haraka haraka, nikaona vidudu viwili vitatu vya malaria, nikaandika palu. Akapewa dawa. Kioo nikakiweka kwenye sanduku pamoja na vingine, nikaita mgonjwa mwingine. Hapa kwetu kila homa ni palu mpaka ikatae yenyewe.

Majuma mawili baadaye nilimkuta ana alama nyeusi mikononi na mapajani, na akipiga mswaki ufizi unatoka damu. Nikamwuliza nani kampiga. Akanijibu mimi kaka yake, "Yaya, hakuna mutu alinipiga." Mimi nikasikia mke anayemficha mumewe. Wala sikuwaza kitu kingine. Niseme ukweli, tangu harusi yao sikumpenda Rachid. Hakunikosea. Ni kwa kuwa ni Mwislamu, kwa kuwa ukoo wake ulitoka Maniema kuja kutafuta biashara kwetu, kwa kuwa ukimtania anacheka chini chini na kukuacha na utani wako. Nilikuwa nangoja kosa lake kama unavyongoja treni hapo Kasaji: hata ikichelewa, unajua itakuja tu.

Jumamosi moja mimi na Baba mdogo Kabemba tukaenda kwake. Nilimzaba kofi mbele ya majirani. Hakurudisha. Alichosema ni kwamba Ndaya apelekwe Lubumbashi, damu ikatazamwe, maana muuguzi mmoja amemwambia alama kama zile zinaweza kutoka ndani. Nikamjibu kwamba mambo ya damu ni kazi yangu, yeye ashughulike na matairi ya gereji yake. Watu wakacheka, nami nikafurahi walivyocheka. Tukamchukua Ndaya, tukampeleka kwa Baba mdogo.

Jumamosi iliyofuata wazee walikaa. Hayo ulisimuliwa kwa simu, lakini ulisimuliwa nusu. Rachid alikana katakata kumpiga mke wake. Akaomba tena Ndaya aende Lubumbashi. Basi Baba mdogo akanigeukia, akaniuliza mimi niliyesoma: je, inawezekana damu yenyewe ikafanya hivyo? Nikasimama, nikasema, "Damu yake haina neno." Baba mdogo akamaliza: akubali kosa, alete mbuzi wa faini na kitenge cha mama, ndipo apewe mke. La sivyo, Ndaya anarudishwa Kasaji.

 Rachid akapiga magoti, akasema, "Mi njo nilimupiga. Munipe bibi yangu, tuende." Wazee wakapiga makofi. Mbuzi aliletwa jioni ile ile, tukamla. Kitenge cha kijani ulitumiwa wewe, ukakivaa kwenye harusi ya mtoto wa Ngoyi. Yeye hakungoja hata supu. Alfajiri ya Jumapili alikuwa barabarani na Ndaya amelala kwenye kiti cha lori, kichwa juu ya mto.

Mama, mtu yule alijisingizia. Alikubali kuitwa mpiga wanawake mji mzima ili tumwachie mgonjwa wake. Hospitali ya Lubumbashi walimpokea siku ile ile. Nilipofika Jumanne, daktari, mama mmoja mpole, alinieleza kama mtu wa kazi moja naye, na kila alivyonieleza nilizidi kuwa mdogo. Alisema watu hutaja kansa ya damu kana kwamba ni moja, kumbe ni ukoo mzima. Iko inayokaa kwenye matezi ya shingo na kwapa, yanavimba bila kuuma. Iko inayokula mifupa, mtu akalalamika mgongo miaka akidhani ni magunia aliyobeba. Iko ya polepole, wengu unavimba tumboni na mwenyewe bado anakwenda sokoni. Halafu iko ya haraka, inayohesabu siku. Ya Ndaya ni ya haraka, na tena ni ile inayozimaliza chembe za kugandisha damu. Ndiyo maana mwili unajaa alama na hakuna ngumi iliyoupiga.

Walimchoma sindano nene kwenye mfupa wa nyonga kutoa uboho, Rachid akimshika mkono. Kipande kilipelekwa nje ya nchi kuthibitishwa. Lakini daktari alisema dawa haingoji jibu, maana aina hii huua mapema kuliko nyingine, na mgonjwa akivuka majuma ya kwanza huwa na tumaini kubwa kuliko wengine wote. Akaniita nitazame kwenye mikroskopu yake. Ndani ya chembe kulikuwa na vijiti vyembamba vyekundu, vimelala pamoja kama mzigo wa kuni. Akaniuliza kama naviona. Nikasema naviona. Akauliza tena ni nani aliyetazama damu hii mara ya kwanza. Kabla sijafungua mdomo, Rachid akajibu kwamba walimtibu palu, na Kolwezi palu ni nyingi. Jina langu hakulitaja.

Dawa yenyewe haikuwepo. Rachid alivuka mpaka wa Kasumbalesa, akazunguka Zambia siku tatu, akarudi na vidonge. Daktari anasema vinazifundisha zile chembe zikue kama inavyotakiwa. Miezi mitatu imepita. Ndaya amerudi nyumbani, anameza vidonge vyake, kila baada ya muda anapimwa, na kipimo cha mwisho kilikuwa safi. Ananenepa. Juzi alinicheka kwa sababu ya viatu vyangu. Lakini kuna kitu hatukukuambia kwa simu, Mama, na uvumilie kukisikia hivi: jicho lake la kushoto halioni tena. Damu ilivuja ndani ya jicho kabla hajafika hospitali. Daktari alisema ilivuja katika lile juma la mwisho. Angefika mapema juma lile, pengine jicho lingepona.

Wewe kila ukipiga simu unasema ni ngumi za Rachid zilizoharibu damu ya mtoto wako. Nami kila mara nakuuliza habari za kuku.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Jumapili ile, siku moja tu baada ya kumchukua Ndaya, nilitoka misa nikapita kliniki. Neno la Rachid juu ya damu lilikuwa limenikwama. Nilifungua sanduku, nikatoa kioo cha Ndaya, nikakitazama kwa utulivu ambao siku ya kwanza sikuwa nao. Chembe zenyewe hazikuwa nyingi. Lakini zilikuwepo, na ndani yake zile kuni. Mama, nilizijua papo hapo. Shuleni mwalimu alituchorisha chembe ile ile, mchoro wangu ukashinda wote, nawe ukaubandika ukutani juu ya meza ya redio. Kama haujaanguka bado upo hapo, nyuma ya kiti alichokaa Rachid.

Kwa hiyo nilijua. Sikubahatisha, sikushuku, nilijua, siku sita kamili kabla ya baraza. Ningemwonyesha Godelieve, mkubwa wangu pale laboratwari. Ningempigia simu Rachid. Lakini nilikuwa nimempiga kofi mbele ya watu, wazee walikuwa wamekwisha kuitwa, na ningesimamaje kusema kwamba mimi, dokta wa Mama, niliandika palu na mwenye lori ndiye aliyekuwa na haki? Nikajiambia nitalisema kesho. Siku ya tano Ndaya aliniambia anaona moshi kwenye jicho la kushoto. Nikamwambia anawe kwa maji safi. Maji safi, Mama. Na Baba mdogo aliponiuliza mbele ya wazee, kile kioo kilikuwa kwenye mfuko wa shati langu, nimekifunga kwa pamba. Nilikigusa kwa kidole nikiwa nasema damu yake haina neno.

Naona aibu ambayo sina pa kuiweka. Nikimwona Ndaya anageuza kichwa chote ili amtazame mtu aliye kushoto kwake, natoka nje.

Rachid, shemeji yangu, sasa nasema na wewe, maana najua ni sauti yako inayosoma. Sikumwita Odile aje kupika. Ndaya anapika mwenyewe, na anapika vizuri kuliko Odile. Nilimwita ili Mama asibaki na msomaji mwingine. Mara nne nilikuja gereji kwako nikuambie haya uso kwa uso, na mara nne niliishia kuuliza bei ya tairi, mimi nisiye na gari. Wewe uliwadanganya wazee ili Ndaya aishi, mimi niliwadanganya ili nisichekwe. Kioo kimo ndani ya bahasha hii, kwenye pamba. Ni chako, kionyeshe kwa yeyote unayetaka. Leo mchana, wakati wewe uko njiani kwenda Kasaji, nitamwambia Ndaya mwenyewe, na Jumamosi nimewaita wazee kwa Baba mdogo. Kofi lako utanirudishia hapo hapo au utaliacha, mimi nitasimama mahali ulipopiga magoti.

Mama, kile kitenge ukitoe sandukuni, umrudishie Rachid mikononi mwake. Mbuzi hatuwezi kumrudisha. Usinitetee kwa yeyote, na kanisani usiniite tena lile jina.

Nisalimie jirani zetu wote wa upande wa reli, na mama mchungaji. Odile anakubusu, Ndaya anasema atakuja kukuona Krismasi, Mungu akipenda. Na mgeni wako akimaliza kusoma hapa, usimharakishe. Mwongezee maji.

Ni mimi mwanao wa laboratwari,
Barnabé Kalumba