Herufi Nilizozifuta kwa Ndala

Jumanne usiku, Chinongwe

Nilizifuta mwenyewe. Hakuna aliyenituma.

Kila asubuhi mimi na watoto wangu wa darasa la awali tunaanzia uwanjani. Nachora herufi kubwakubwa chini kwa majivu, naita sauti, wao wanairukia. Kabula, binti wa wafugaji waliohamia juzijuzi kutoka Usukumani, Kiswahili bado kinampa shida, lakini kwenye majivu hakosei. Anarukia "m", anarukia "a", anacheka.

Leo nilipoiona pikipiki ya afisa elimu wa kutoka Ruangwa, niliogopa ataona tunacheza tu. Nikazifuta kwa ndala, nikawaingiza darasani, nikawakalisha mkekani mikono kifuani, waimbe a, e, i, o, u.

Afisa akaandika "m" ubaoni, akamgeukia Kabula. "Hii herufi gani, mwanangu?"

Kabula akanitazama mimi.

Nikasema, naye anasikia, "Huyo wa wafugaji, mzee. Bado hajui kitu."

Ningeweza kusema twende naye nje kidogo. Ningeweza tu kunyamaza. Na afisa mwenyewe wala hakuwa mkali, alikunywa maji akaondoka. Mimi ndiye niliye...

Wakati wa kwenda nyumbani nilimkuta Kabula uwanjani, anafuatisha kwa kidole alama zilizobaki.

"Mwalimu," akasema taratibu, "leo mbona hatujasoma?"

Nikamjibu majivu yameisha. Ndoo ilikuwa palepale mlangoni, imejaa, na aliiona.