Panya Waliongoja Wimbo

Nakivale, 7 Machi 2010

Munezero, mjukuu wangu,

Amani ya Bwana ikukute huko Mbarara. Sisi tuko wazima, mahindi yameinuka. Ni koo langu tu. Daktari wa Base Camp, hapa kambini, anasema uvimbe ukatwe, na sauti itakwenda nao. Tangu tulipotoka Kivu mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo kanisani. Nikinyamaza, nitakuwa nani?

Nimewaota wale panya ulionisimulia Noeli. Walijaza mabenchi yetu, weupe kama ukungu wa milima ya Itombwe kule kwetu, wakingoja nianzishe. Nieleze tena dawa yao. Nitaingoja.

Babu yako, Gervais

Mbarara, 19 Machi 2010

Babu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi mzima, masomo ni mengi.

Panya wale wako maabara za ng'ambo. Mimi nasoma habari zao tu. Damuni mna seli saidizi. Kazi yao kubwa ni kuziita nyingine zipigane. Kila seli ina jeni zilezile, kama kila muumini na kitabu chake cha nyimbo; tofauti ni ukurasa uliofunguliwa. Watafiti waliwatia seli hizo panya wenye uvimbe, wakapima jeni zipi zimeamka. Kurasa zilizofaa zilipofunguka, uvimbe uliyeyuka, ingawa si kwa panya wote.

Lakini ni panya, Babu. Dawa ya watu huenda ikaja nikiwa na wajukuu. Usiingoje. Shangazi Perpétue akulete hospitali ya huku, ukatwe.

Mjukuu wako, Munezero

Mbarara, 30 Mei 2010

Babu,

U mzima? Hujajibu. Nilimuuliza dereva wa teksi ya Rwekubo, huko kambini. "Mzee wako? Anaimba kama chura, lakini anaimba." Nilicheka, kisha nikalia.

Seli saidizi si mwimbaji, Babu. Ni mwenye kuamsha wengine. Kwa hiyo, sauti ni ya nini?

Njoo.

Mjukuu wako

Nakivale, 12 Septemba 2010

Munezero,

Amani kwako. Kovu la kooni limekauka, uji unapita. Mkono wako ulionishika hospitalini bado nausikia.

Jumapili iliyopita nilirudi fasi yangu ya mbele kanisani. Wengine walitazama chini. Nikafungua kitabu, nikakiinua, kidole kwenye namba ya wimbo. Shangazi yako akaanza, akakosea tuni, kama kawaida yake. Nikamtazama kwa ukali, akarudia. Kisha wote wakaingia, hadi turubai la ukutani likatetemeka.

Niliota panya tena. Safari hii hawakuningoja. Walikuwa wakiimba, nami nimekaa benchi la nyuma, kitabu kiko wazi magotini.

Babu yako