Inua Pete Kwanza

Agururu, Tororo
Ijumaa, 7 Novemba 2025

Mpendwa shemeji Umar,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Sharjah, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua uwe umepoa. Sauda na watoto hawajambo? Nibusie kitindamimba, ambaye mpaka leo sijamwona ila kwenye simu. Sisi huku tu wazima. Zubaida binti yangu amepona malaria, mvua zinanyesha vizuri, na mama yenu kule Dabani anakula na kulala, na bado anagombana na kuku wa jirani.

Hizo ndizo salamu, nimezitoa zote kwa sababu nililelewa. Sasa nikwambie: nina hasira nawe, Umar. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Ningekujibu kwenye lile group la ukoo, lakini nimetoka humo na sirudi kwa sasa. Syprose jirani yangu anarudi kazini huko kesho, atakupa bahasha hii mkononi.

Umeuza gari langu.

Langu, nasema tena. Siku ya mirathi sheikh aligawa mali ya marehemu kaka yako mbele ya watu wote. Nyumba ikawa ya Zubaida, shamba likaenda kwa mama yenu, lori ukapata wewe, na Subaru likaangukia kwangu mimi mjane. Wewe ulikuwa kwenye simu, tukakusikia ukisema amina kwa sauti kubwa kuliko sisi tuliokuwa ukumbini. Lori umelichukua na mimi sikuguna. Amina yako ilikuwa ya lori peke yake?

Halafu ukatuma ile video ya mbio na sauti yako kwenye group. Ukasema mjane wa Badiru amerukwa na akili, ati eda haijakauka anashindana magari na vijana, na gari liuzwe kabla hajaaibisha ukoo. Mashangazi wakacheka. Hata wale wa Bulumbi ambao hawajui kuandika wakatafuta mtu awawekee vile vikatuni vya kucheka. Zubaida aliisikia sauti yako akiwa mezani nami. Mtoto akasukuma sahani, hakula tena.

Na kusema nimevunja eda, hapo ndipo uliponikata maini. Miezi minne na siku kumi sikuvuka geti. Sikupaka wanja, sikuvaa rangi, harusi ya mdogo wangu wa tumbo moja niliisikilizia kwenye simu. Lakini betri ya gari ilitaka injini iwashwe isije ikafa, na mwanamume wa kuja kuiwasha asingeingia kwangu. Nani aiwashe, paka? Nikaiwasha mimi.

Siku ya kwanza nililisogeza mbele mpaka likanusa ukuta wa jiko, nikashindwa kulirudisha. Rivasi ilikataa katakata. Zubaida na Mable wa nyumba ya pili wakalisukuma nyuma kwa makalio, tukacheka, kisha tukanyamaza kwa aibu maana ilikuwa nyumba ya msiba. Baadaye nikiwa nimekaa humo ndani peke yangu, kidole kikagusa pete. Ipo pete ndogo chini ya kichwa cha gia. Usipoiinua, rivasi haiingii. Kaka yako aliliendesha gari lile miaka na miaka, nami nikiwa pembeni nimeshika chupa ya chai, hakuwahi kunionyesha. Nilipomwomba anifundishe alisema gia si mwiko wa ugali. Mungu amrehemu, lakini kwa neno hilo nimemkasirikia mpaka leo.

Basi kila asubuhi nikawa naenda mbele mpaka jikoni, narudi nyuma mpaka getini. Gia ya kwanza, rivasi. Gia ya kwanza, rivasi. Mguu wa kushoto ukapajua mahali klachi inaposhika, pale gari linapoanza kutetemeka kabla halijaondoka. Nilimwuliza sheikh kama nafanya dhambi. Alisema uani ni ndani ya nyumba, na kwamba hajaona kitabu kinachokataza klachi. Ungemwuliza naye angekwambia, simu unayo.

Nilipotoka eda nililipeleka likatengenezwe breki kwa Dorah Akumu, binti wa Mella mwenye gereji. Akaniona narudi nyuma kutoka barabarani hadi kwenye shimo lake la kukagulia magari, akaweka spana chini. "Mama Zubaida, nani nakufundisha kuachia klachi namna hii?" Nikamwambia ukuta wa jiko. Akumu mwenyewe hushindana, na ndiye aliyenipeleka kwenye uwanja wa zamani wa ndege, ambako wanafunga njia ya lami asipite mtu na kuweka gari la wagonjwa, na kila dereva huvaa kofia ngumu. Hakuna kona hata moja, shemeji. Magari mawili yanasimama sambamba, taa ikiwa kijani mnaondoka, basi, robo maili tu. Watu wanadhani mbio hizo ni za mguu wa kulia. "Kulia kila mtu iko nao," Akumu anasema, "kushoto ndiyo nashinda."

Ndiyo, video uliyoisambaza ni ya kweli. Nilikuwa napambana na kijana wa Busia mwenye gari jeupe lililobandikwa karatasi mwili mzima. Taa ilipowaka niliachia klachi palepale inaposhika, na Wallahi, Umar, nilimwacha. Nilimwacha kabisa! Sehemu hiyo wewe uliikata. Ulianzia pale nilipokuwa gia ya pili na injini inalia kama mbuzi wa Idd, kijana ananipita, mimi nimeng'ang'ania ya pili. Unajua kwa nini? Uani kwangu hapakuwa na nafasi ya gia ya tatu. Mkono wangu ulikuwa haujui njia ya kwenda huko.

Nilirudi nyumbani nikalia, kisha nikafundishwa. Akumu aliniweka kwenye kiti injini ikiwa imezimwa, macho nimefumba, natoka ya pili naingia ya tatu, tena na tena, mpaka kiganja kikapata sugu. Nilikuwa navuta kwa nguvu na gia inagoma. "Mama, wewe nakufa na hasira," akaniambia. "Fungua kiganja, sukuma mbele tu, springi yenyewe napeleka katikati." Mimi kufungua kiganja mwaka huu! Lakini nilijifunza. Jumapili hii kuna mashindano tena, na jina langu limeandikwa.

Jana ndipo alipokuja rafiki yako Elungat, yule wa Busia upande wa Kenya. Alikuja na ufunguo wa akiba, ule uliouchukua ulipokuja kwenye arobaini ukaniambia unaenda kuutunza. Kumbe kutunza kwenu ni huko! Akaniambia kwa adabu, "Madam, Umar alisema mmeongea." Nikamwambia hatujaongea. Naye alikuwa ameshalipa, ameshakuja, ameshaingia kwenye kiti.

Gari lilikuwa limetazama ukuta wa jiko kama kawaida yake. Bwana huyo maisha yake yote ameendesha magari yanayojibadilishia gia yenyewe, kama hayo mabasi yako ya uwanja wa ndege. Alilizima, akaliwasha, akalizima. Alitafuta rivasi kila pembe. Hapo ndipo alipokupigia akaweka spika, nami nikakusikia kwa masikio yangu ukibembeleza: shemeji, hebu mwonyeshe rivasi iko wapi. Nilikuwa nimekunja mikono mlangoni, na Zubaida nyuma yangu, na nikasema moyoni, leo watajua.

Sikujua ataachia klachi. Aliiachia ghafla akiwa gia ya kwanza, gari likaruka likapiga ukuta. Bampa limepasuka katikati, Umar, lile ambalo kaka yako alikuwa akilifuta kwa fulana yake mwenyewe kila Jumapili. Siku ya maziko sikutoa sauti, wanawake walinisifu kwa subira. Jana nilipiga magoti kwenye vumbi, nikashika kile kipande cha plastiki, nikalia mpaka Mable akaja mbio akidhani kuna msiba mwingine.

Nilipoinuka nilimwambia Elungat ashuke. Akashuka. Nikaingia, nikainua pete, nikarudi nyuma mpaka nje ya geti bila kugusa kitu. Barabarani nikaweka moja, nikaweka mbili, na ya tatu ikaingia nikiwa hata siiwazi. Nimelipeleka kwa Akumu, naye amefunga bampa kwa waya, na gereji yake ina mbwa. Niliporudi Elungat alikuwa bado uani. Alinipa ufunguo wa akiba bila kuombwa, akaniomba maji. Nikampa maji, nikampa na chai. Yeye sina ugomvi naye, umemdanganya kama ulivyonidanganya mimi.

Sasa nisikilize. Mrudishie Elungat pesa zake, ni haki yake. Halafu ingia kwenye lile group, kwa sauti yako ileile, useme Subaru ni la Nuriat, uliliuza bila ruhusa, na eda ya kaka yako ilikaliwa mpaka siku yake ya mwisho. Ulinivua nguo mbele ya watu, nivishe mbele ya watu. Usinitumie mimi faraghani, sitafungua. Zubaida bado yumo humo, na amekaa anasubiri kusikia baba yake mdogo ni mtu wa namna gani.

Msalimie sana Sauda, mwambie kitenge chake nimempa Syprose. Mama yenu anakusalimu, na Mable, na Akumu pia ingawa hamjuani. Zubaida nimemwambia aongeze salamu zake, akasema atasubiri kwanza. Mungu akulinde barabarani, na ulimi wako aulinde zaidi.

Wako akupendaye, hata wiki hii,

Nuriat, Mama Zubaida

N.B. Jana uliuliza rivasi iko wapi, na mimi sikukujibu mbele ya mgeni. Inua pete kwanza, kisha vuta kulia na nyuma. Ukiwa umeshagonga ukuta, Umar, hakuna gia nyingine ya kukutoa hapo.