Video Niliyoitazama Nusu

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Habari za huko na baridi yake? Wifi na watoto hawajambo? Mgongo umeacha kukusumbua? Sisi tupo, ila nikisema wazima nitakuwa nakudanganya.

Ujumbe wangu wa juzi, kwamba usiache dawa zako za presha, ulikushangaza, najua. Sababu sikuwa na uso wa kuitaja kwenye simu.

Unakumbuka ile video ya kijana wa koti jeupe anayechemsha vitunguu saumu na ndimu, eti dawa ya presha? Shangazi aliituma kwenye kundi la familia, akauliza kama kawaida yenu, "Daktari, hii vipi?" Mimi napima damu na mkojo maabara, lakini jina mlinipa na nikalivaa. Siku ile foleni ya wagonjwa ilifika mlangoni. Nikatazama mwanzo tu, nikajisemea ndimu itamdhuru nani. Nikajibu, "Iko sawa, kunyweni." Nawe ukanisifu.

Mwishoni kijana anasema ukishaanza kunywa, vidonge tupa. Mama, naye mwenye presha, aliitazama yote.

Alianguka jikoni. Kiharusi chepesi, wanasema, lakini mdomo umekwenda upande na mkono wa kushoto haushiki kikombe. Ndipo nikakaa kutafuta utafiti wa kweli. Nilikuta tafiti chache za kitunguu saumu kusaidia kidogo tu. Hakuna hata moja iliyotaja kuacha dawa. Ilikuwa kazi ya muda wa kunywa chai moja, kaka.

Wodini daktari alimuuliza nani kamwambia aache dawa. Nilisimama miguuni pa kitanda na koti langu la maabara. Mama akajibu kwa ulimi mzito, "Nilisahau tu, mwanangu." Nami nikamwacha daktari aandike hivyo. Nikikumbuka, uso unaniwaka.

Kwenye kundi nimeandika kwamba nilikosea. Shangazi kaniambia nisijilaumu, halafu akatuma video nyingine, ya maji ya bamia.

Jana namnywesha mama chai, simu yake ikalia, video nyingine tena. Akanisogezea kwa mkono mzima. "Iangalie wewe kwanza," akasema. Nikaitazama mpaka mwisho, machozi yakinitoka, naye ananisubiri.

Msalimie wifi na wanangu, na yule binamu yetu mkorofi mkionana. Mungu akutunze, nawe meza dawa zako.

Mdogo wako akupendaye, ambaye si daktari.