Maombi Mafupi ya Mama Yudithi

Mama Yudithi,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuiitikia, lakini kwa miaka mitano nilianza kila siku ya kazi kwa kukuamkia, na mdomo umezoea.

Nakuandikia hapa zahanati, kwenye meza ya dawa. Ni mchana, wajawazito wa kliniki wameshaondoka. Ni miezi mitatu sasa tangu tukuzike kwenu Zuzu, ng'ambo ya reli, na mkunga nimebaki mimi peke yangu. Mambo mengine yamebadilika kidogo tu. Lile duka la ushirika lililokaa miaka limefungwa, sasa ni la mtu binafsi. Anauza khanga, betri na vidonge vya malaria, wala haulizi mtu anaumwa nini. Basi la mjini linapita mara mbili kwa siku. Wanawake wa vijiji vya mbali bado wanafika wakikuulizia. Nawaambia umefariki. Wananipa pole, kisha wanapanda kitandani niwapime.

Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai. Maombi yako yalinikera. Nilitoka Njombe na cheti kipya cha ukunga, nimefundishwa kwamba kwenye uzazi dakika moja ni kubwa. Wewe kila mzazi alipopanda kitandani uliweka kiganja kwenye goti lake ukasema, "Baba, tuko hapa. Huyu ni binti yako. Tusaidie." Basi. Ulisema kama mtu anayemwita jirani aliye uani. Hata macho hukufumba; nilikuona ukitazama kama maji yamechemka.

Siku moja nilikuuliza mbona huombi kwa maneno mengi kama mchungaji. Ukacheka. "Agnes, mtoto akisikia njaa humhutubia mama yake?"

Sikucheka. Niliona ni imani ya watu wa zamani.

Halafu ukaugua figo. Alhamisi ile nilikuja kukuona hospitali mjini. Ulikuwa umekonda, miguu tu ndiyo imevimba. Ukanishika vidole viwili ukasema, "Niombee, mwanangu." Wodi ilikuwa imejaa, na kando ya kitanda cha pili alisimama nesi niliyesoma naye. Nikaona aibu. Nikakujibu, "Pumzika kwanza, mama. Nitakuombea kesho." Ukasema, "Haya." Hukukasirika. Ukageukia ukutani, na nikaiona midomo yako ikisogea. Ulikuwa unajiombea mwenyewe.

Ijumaa asubuhi ukafariki. Msibani waliniuliza ulisema nini mwisho mwisho. Nikawaambia ulikuwa umechoka.

Wiki tatu baadaye akaletwa Tabitha, kwenye mkokoteni wa ng'ombe, pamoja na mama mkwe wake. Uzazi wa kwanza. Nikapapasa tumbo, nikakuta mtoto ametanguliza makalio. Njia ilikuwa imeshafunguka, na mvua ilikuwa imeikata barabara ya mjini, kwa hiyo kumpeleka hospitali hakukuwezekana. Nikavaa glavu. Yule mama mkwe, bibi ambaye Kiswahili anakisema kwa kuchagua neno moja moja, akasimama mbele yangu.

"Yule mama alikuwa anaongea na Mungu kwanza. Wewe huongei?"

"Bibi, muda hakuna."

Tabitha akainua kichwa. "Dada, niombee. Naogopa."

Mama, nikasogea kitandani. Kisha nikaweka mkono kwenye goti lake. Nilisema, "Baba, tuko hapa. Na mimi naogopa. Mtoto amekaa vibaya. Tusaidie." Bibi akaitikia amina, akanipisha.

Makalio yakatoka, kisha miguu, kisha mikono. Kichwa kikakwama. Nilifanya ulivyonifundisha: sikuvuta. Nilimlaza mtoto juu ya mkono wangu, nikakiteremsha kidevu polepole hadi kichwa kikapita. Alitoka amelegea, rangi imemgeuka. Nikamsugua mgongo, nikampulizia pumzi. Akalia. Ni wa kike, na juzi amekuja kuchanjwa akiwa na uzito mzuri.

Siuiti muujiza. Mikono yangu ilijua la kufanya kwa sababu uliifundisha. Ninachoweza kusema ni kwamba haikusita, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa naogopa.

Tangu siku ile naomba kila mara. Mwezi uliofuata nilimwombea Esta, mke wa fundi baiskeli, maneno yale yale. Mtoto wake alizaliwa amekufa. Sikukosea popote, nimeyapitia yote mara nyingi, hatua kwa hatua. Baada ya kumsafisha Esta nilitoka nje, nikasimama nyuma ya zahanati, nikasema kwa sauti, "Baba, kwa nini?" Nilikasirika. Nikanawa uso, na nilipokuwa nanawa ndipo nilipotambua kwamba hata katika hasira ile nilimwita Baba.

Nikakumbuka kwamba nawe umefunga sanda nyingi ndogo katika chumba hiki, na kesho yake ukaweka kiganja chako kwenye goti la mwingine. Zamani nilidhani unasahau haraka. Sasa nadhani hukuwa unasahau hata mmoja.

Kwa ile Alhamisi, nisamehe. Nimemwomba Mungu anisamehe, kwa maneno machache kama ulivyofanya wewe, na ninaamini amenisamehe. Bado inauma.

Esta hajarudi kliniki wala kanisani. Mume wake anasema amenyamaza tu. Jumamosi nikifunga zahanati nitatembea hadi kwake. Sitamweleza kwa nini mtoto wake alikufa, maana sijui. Akitaka tuombe, tutaomba. Akikataa, nitachukua jembe tupalilie uwele wake, na Jumamosi nyingine nitakwenda tena. Hilo nakuahidi.

Kwaheri, mama. Tutaonana kwa Baba.

Mwanao,
Agnes